Pigo la Sitini na Nne

Ngoma ya shule ilikuwa moja, nayo ngozi yake
ilikwisha pasuka kabla sijahamishiwa Pasua.
Mkuu akaniambia, "Muziki hautoki kwenye mtihani,
Mwalimu Senzota. Ila fanya tu, watoto wachangamke."
Nikafanya tu.

Ndoo sita kwa baba yake Aikande, fundi rangi,
moja ingali na samawati ya ukuta wa zahanati.
Madebe mawili ya mafuta, yamekunjamana.
Visoda vya kayamba niliokota mwenyewe
nje ya baa ya njia panda, jioni baada ya jioni,
mgongo nimeupinda, mfuko wa shati umejaa,
hata wazee wa kanisa wakaja nyumbani kuniombea.
Vijiti ni matawi ya mibuni. Bibi yake Mkunde
aliyapogoa kule Kibosho, akayafunga kwa ukambaa,
akasema: kahawa hainilipi, basi na ilie.

Noti hatukuandika. Tuliandika chakula ubaoni.
Maharagwe, mapigo manne ya mbio.
Ndizi, mawili.
Chai, moja, refu, la kupuliza.
Ukipotea, niliwaambia, usinitazame mimi.
Rudi mezani.

Chai. Chai. Ma-ha-ra-gwe. Chai.
Ndi-zi, ndi-zi, ma-ha-ra-gwe, chai.

Na Ndekirwa?
Ndekirwa wa darasa la tatu, mikono yake
hufika kwenye ndoo kabla yake mwenyewe.
Wenzake walinijia: mtoe, Mwalimu, anatuharibia.
Sikumtoa. Nilimpa rimu,
ile ya lori, inayoning'inia mjakaranda, kengele yetu,
na kipande chake cha nondo.
Nikamwambia: wewe una pigo moja tu,
la mwisho, la sitini na nne.
Mengine yote utayapiga kwa kunyamaza.

"Kunyamaza nako ni kupiga?"
Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika.

Siku ya wazazi mlima haukutoka kwenye shuka lake.
Madawati yalijaa khanga, makoti, watoto wa mgongoni.
Aikande akainua kijiti, moja, mbili,
na ndoo zikaanza kama mvua inayojaribu bati,
tone hapa, tone pale, inajuta,
kisha ikaamua.
Mbonea aliangusha kijiti kwenye maharagwe ya tatu,
akamalizia kwa kiganja, hakutazama chini.
Mama muuza parachichi aliacha kutafuna.

Mimi sikuwatazama. Nilitazama midomo ya Ndekirwa.
Hamsini na tisa.
Sitini, akafumba macho.
Sitini na moja, goti likacheza lenyewe.
Sitini na mbili, nondo ikapanda hadi sikioni.
Sitini na tatu, hapa wiki jana
angekuwa amekwisha piga mara kumi,
sitini na tatu, akameza mate,

ngoooo.

Ndoo zote kimya. Chuma peke yake kinasema,
kinasema tena, kinapita juu ya mabati
kwenda upande wa reli.

Darasa la kwanza, waliofungiwa ndani na mwalimu wao,
walisikia kengele, na kengele ni kengele.
Wakamwagika na vikombe vyao vya uji,
mia na ushee, wakakata katikati ya jukwaa,
wakaruka ndoo, wakawapita wazazi,
hadi mpishi akatoka na upawa: saa bado, nyie!
Mkuu akasimama. Nikajiandaa kufokewa.
Alikuwa anavua miwani, anafuta machozi,
mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nami nilipiga makofi mpaka pete ikaniumiza kidole.

Jumatatu, kabla ya zamu, umande ungali majanini,
nilimkuta Ndekirwa chini ya mjakaranda,
mikono nyuma, midomo ikicheza,
rimu imetulia mbele yake.
"Unafanya nini hapa asubuhi yote hii?"

"Napiga, Mwalimu."